Ukuta, Ukungu na Gati: Historia ya Viwanja vya Besiboli katika Ghuba ya San Francisco

Wengi wetu katika chama hiki tumekulia kwenye soka. Besiboli tuliikuta huku, na mwanzoni ilituchosha: watu wamesimama, mmoja anatema mate, mwingine anajikuna kofia, saa mbili zimepita na bao ni moja. Lakini tangu Oakland ipoteze timu yake mwezi Septemba 2024, jirani zetu na wenzetu darasani hawakuwa na mazungumzo mengine. Tuliona watu wazima wakilia kwa ajili ya uwanja wa zege ambao wao wenyewe walikuwa wakiusema kwa ubaya miaka yote. Tukajiuliza: uwanja una nini hata mtu aulilie?

Jumamosi moja tukafunga safari kuvitafuta viwanja vya zamani vya ghuba hii, vile vilivyopo na vile vilivyokwisha kubomolewa. Makala haya ni matunda ya safari hiyo na ya kusoma tulikofanya baadaye. Tulichojifunza ni kwamba viwanja hivi vimehama mara nyingi kuliko tulivyodhani, na mara chache sababu ilikuwa mchezo wenyewe. Mara nyingi sababu ilikuwa ardhi: nani anaimiliki, watu wanaifikiaje, na nani ana sauti juu yake.

Kwanza tuueleze mchezo kwa ufupi, kwa faida ya wanachama wapya. Kila timu ina wachezaji tisa. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, kisha anakimbia kupitia vituo vinne vilivyopangwa katika umbo la almasi. Kutoka kituo hadi kituo ni futi 90, na kipimo hicho ni kimoja kila mahali. Ukuta wa nje, kwa upande mwingine, hauna kipimo kimoja. Unaweza kuwa karibu zaidi au mbali zaidi, mrefu au mfupi. Ndiyo maana katika besiboli, tofauti na soka, umbo la uwanja hufuata umbo la mtaa. Mtaa ukiwa mwembamba, ukuta unasogea, na mpira ambao kwingine ungedakwa hapo unaruka nje na kuwa bao.

Mwanzo ulikuwa ukuta

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Garfield Square, katika mtaa wa Mission, San Francisco. Karibu na hapo, kwenye barabara ya Folsom na ile ya 25, ndipo ulipofunguliwa uwanja wa Recreation Grounds mwezi Novemba 1868. Besiboli ilikuwa ikichezwa mjini kabla ya hapo, katika viwanja vya wazi, na aliyetaka kutazama alisimama akatazama. Jambo jipya la Recreation Grounds lilikuwa ukuta. Ulikuwa uwanja wa kwanza wa besiboli California kuzungushiwa ua. Ukizungushiwa ua, unaweka mlango. Ukiweka mlango, unatoza kiingilio. Tangu siku hiyo mchezo ukawa na watu wa ndani na watu wa nje, na kila tutakalosimulia hapa chini linatokana na ukuta ule.

Leo hapo pana bustani ya umma yenye uwanja wa soka. Tuliwakuta vijana wakicheza, na mmoja wetu aliyevaa viatu visivyofaa akaingia kucheza nao. Hakuna kati yao aliyejua kuwa besiboli ya kulipiwa ilianzia mtaani kwao.

Uwanja ulioufuata baada ya miaka kadhaa, kwenye kona ya Eighth na Harrison, uliteketea katika tetemeko la ardhi na moto wa Aprili 1906. Timu ya San Francisco ikavuka maji na kucheza Oakland, katika Idora Park, iliyokuwa bustani ya starehe. Kwa hiyo Oakland iliipa San Francisco hifadhi siku ya shida. Tunaomba wasomaji wakumbuke hilo.

Mwaka 1907 San Francisco ilipata uwanja mwingine, Recreation Park, kwenye kona ya barabara ya 15 na Valencia. Watu waliuita Old Rec. Ulikuwa wa mbao, umebanwa katikati ya nyumba, na ukuta wa upande wa kulia ulikuwa karibu sana hata ikabidi uongezwe wavu mrefu juu yake. Chini ya jukwaa, karibu na wachezaji, palikuwa na sehemu iliyozungushiwa wavu, na tiketi yake ilikuwa pamoja na kinywaji. Waliokaa humo waliwatukana wachezaji kwa majina yao, na wachezaji waliwasikia. Mashabiki walifika kwa tramu au kwa miguu, wengi wakitoka kazini moja kwa moja. Uwanja ulikuwa mchafu, na ulipendwa.

Kosa la ukungu

Mwaka 1914 mmiliki wa timu ya San Francisco, iitwayo Seals, aliona Old Rec haufai tena. Akajenga Ewing Field upande wa magharibi ya mji, karibu na kilima cha Lone Mountain. Ulikuwa mkubwa zaidi, mpya na msafi. Kasoro yake ilikuwa moja: ulisimama kwenye njia ya ukungu wa bahari.

Anayeishi hapa anaujua ukungu ule. Wakati wa kiangazi bara linapata joto, hewa baridi ya Pasifiki inavutwa kuelekea ndani, na ukungu unapita mlango wa ghuba na kuvifunika vilima vya magharibi mchana kweupe. Mashariki ya mji, kwenye Mission, jua linawaka saa ileile. Katika Ewing Field watazamaji walikaa wakitetemeka mwezi wa Julai. Mpira ukipigwa juu ulipotea. Inasimuliwa kuwa Elmer Zacher, mchezaji wa Oakland aliyekuwa akilinda nyuma, aliwasha moto wa karatasi katikati ya mchezo ili ajipashe joto. Kabla ya msimu wa pili timu ilirudi Old Rec, kwenye jua na matusi. Ewing Field uliungua mwaka 1926. Leo pana nyumba za watu, na barabara yao inaitwa Ewing Terrace.

Seals walipojenga tena, walikuwa wamejifunza. Seals Stadium ulifunguliwa mwaka 1931 kwenye kona ya barabara ya 16 na Bryant, katika sehemu yenye jua zaidi ya mji, karibu na viwanda na reli ya tramu. Ulikuwa wa zege, una taa za usiku, na majukwaa yake hayakuwa na paa, kwa kuwa watu walitaka kuota jua. Hapo kijana wa mjini, Joe DiMaggio, mtoto wa mvuvi aliyehamia kutoka Sicily, alipiga mpira kwa mafanikio katika michezo 61 mfululizo mwaka 1933. Hakuwa ametimiza miaka 19.

Upande wa pili wa maji

Oakland nayo ilikuwa na timu yake, Oaks, iliyocheza Emeryville kwenye barabara ya San Pablo kuanzia 1913 hadi 1955. Uwanja wa Oaks Park ulikuwa wa mbao kama Old Rec. Timu zote mbili zilikuwa katika Ligi ya Pwani ya Pasifiki, kwa kuwa ligi kuu za Marekani wakati huo hazikuwa na timu hata moja huku magharibi. Siku nyingine wakosi hawa wa jirani walikutana mara mbili: asubuhi upande mmoja wa ghuba, mchana upande wa pili, na mashabiki walivuka kwa feri pamoja na wachezaji.

Ukuta ulioanza mwaka 1868 ulikuwa na maana nyingine pia. Mwezi Mei 1916 mrushaji aitwaye Jimmy Claxton aliichezea Oaks. Alitambulishwa kuwa ni Mhindi Mwekundu, kama walivyoitwa wenyeji asilia wa Marekani. Siku chache baadaye ilijulikana kuwa ana damu ya Kiafrika pia, akaachishwa. Ulikuwa muda mfupi, lakini ulitosha kampuni moja ya peremende kuchapisha picha yake kwenye kadi zake. Kwa hiyo kadi ilibaki na mchezaji akaondoka. Ilipita miaka zaidi ya 30.

Mwaka 1946 ilianzishwa ligi ya wachezaji weusi ya pwani ya magharibi. Oakland Larks walicheza Oaks Park na San Francisco Sea Lions walicheza Seals Stadium, kwenye tarehe ambazo wenye viwanja hawakuwa wakivitumia. Makamu wa rais wa ligi alikuwa Jesse Owens, yule mkimbiaji wa Berlin. Ligi ilikufa baada ya kama miezi miwili. Timu isiyo na uwanja wake hucheza kwa hisani ya mwenye uwanja, na mpangaji hana kauli. Hatimaye mwaka 1949 Artie Wilson, mchezaji mweusi, alisajiliwa na Oaks bila kuficha asili yake, na mwaka huohuo akaongoza ligi nzima kwa wastani wa kupiga mpira.

Na huko West Oakland, katika mitaa ya wafanyakazi weusi wa reli na bandari, watoto walikuwa wakicheza kwenye viwanja vya umma visivyo na kiingilio. Frank Robinson, Vada Pinson na Curt Flood wote walipitia shule ya McClymonds. Robinson alikuja kuwa meneja wa kwanza mweusi katika ligi kuu mwaka 1975. Flood aliishtaki ligi akisema mchezaji si mali ya kuuzwa bila ridhaa yake. Alishindwa katika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1972, lakini alifungua njia ambayo wenziwe waliipita baadaye.

Maegesho yashinda miguu

Mwaka 1957 timu ya Giants ya New York ilitangaza kuhamia San Francisco. Tarehe 15 Aprili 1958 Seals Stadium ulikuwa mwenyeji wa mchezo wa kwanza wa ligi kuu kuchezwa kwenye pwani ya magharibi: Giants 8, Dodgers 0. Watu 23,448 waliingia.

Nyota wa Giants alikuwa Willie Mays. Kabla hata msimu haujaanza, mwezi Novemba 1957, Mays alitaka kununua nyumba mjini na mwenye nyumba akasita, kwa kuwa majirani hawakutaka mtu mweusi mtaani. Habari zikafika magazetini, meya akaingilia, na nyumba ikauzwa. Mji ulikuwa umemlilia mchezaji aje, lakini si lazima akae jirani.

Seals Stadium haukuwapa Giants walichotaka. Si kwamba mchezo haukufaa pale. Magari hayakuwa na mahali pa kuegeshwa. Wapiga kura walikuwa wameidhinisha hati fungani za dola milioni 5 mwaka 1954 kwa ajili ya uwanja mpya. Mahali palipochaguliwa palikuwa Candlestick Point, kusini mashariki ya mji, kwenye ardhi ya mkandarasi Charles Harney, ambaye ndiye aliyepewa pia kazi ya kujenga. Kilima kilichongwa, udongo ukamwagwa ghubani, na yakapatikana maegesho ya maelfu ya magari. Uwanja ulifunguliwa Aprili 1960. Seals Stadium ulibomolewa; viti na taa vikapelekwa Tacoma, jimbo la Washington. Tulipofika barabara ya 16 tulikuta duka kubwa la vyakula na maegesho.

Ewing Field ulikuwa umesahauliwa. Candlestick haukuwa na ukungu mwingi kama ule, lakini ulikuwa na upepo uliokuwa ukishuka kila alasiri kuzunguka kilima na kufagia uwanja. Katika mchezo wa nyota wote wa Julai 1961, mrushaji Stu Miller alitikiswa na upepo akiwa anajiandaa kurusha, na mwamuzi akamhesabia kosa. Palikuwa na mitambo ya kupasha viti joto. Haikufanya kazi, na wakili Melvin Belli alikwenda mahakamani kudai fedha za tiketi zake, akashinda. Baadaye timu yenyewe iligeuza taabu kuwa sifa: aliyevumilia mchezo wa usiku uliopita muda wa kawaida alipewa beji.

Hata hivyo tusiuonee uwanja ule. Tarehe 17 Oktoba 1989, saa 11 na dakika 4 jioni, watu zaidi ya 60,000 walikuwa wameketi humo wakisubiri mchezo wa tatu wa fainali, Giants dhidi ya Oakland, pale ardhi ilipotetemeka. Zege lilishika, na watu wakatoka salama. Ng'ambo ya maji, barabara ya ghorofa ya Cypress ilianguka West Oakland na kuua watu 42. Wengi wanaamini wangekufa zaidi kama watu wasingewahi nyumbani kuutazama mchezo.

Kurudi kwenye gati

Giants walitaka kuondoka Candlestick. Wapiga kura wa San Francisco waliulizwa kuhusu uwanja mpya mwaka 1987, wakakataa. Waliulizwa tena Novemba 1989, wiki chache baada ya tetemeko, wakakataa kwa kura chache. Santa Clara wakakataa mwaka 1990, San Jose mwaka 1992. Mwaka huo timu ilikaribia kuuzwa ikahamie Florida, mpaka kundi la wenyeji likiongozwa na Peter Magowan likainunua.

Ndipo wenye timu walipokuja na pendekezo tofauti: tupeni ruhusa na kipande cha ardhi ya bandari tukodi, ujenzi tutalipa wenyewe. Mwaka 1996 wapiga kura wakakubali. Uwanja ulifunguliwa Aprili 2000 kando ya maji, karibu na kituo cha treni na njia ya tramu, kwa gharama ya takriban dola milioni 357, na ulikuwa wa kwanza katika ligi kuu kujengwa kwa fedha binafsi tangu ule wa Los Angeles wa 1962. Jina lake limebadilika kila kampuni iliyolipia ilipobadilika. Ukuta wa kulia, ulio karibu kwa sababu maji yako karibu, una urefu wa futi 24 kwa heshima ya jezi namba 24 ya Willie Mays. Mtu ambaye mji ulisita kumuuzia nyumba leo ana sanamu mlangoni. Na nyuma ya ukuta ule, ukiwa kwenye njia ya matembezi, unaweza kuchungulia mchezo bure kupitia wavu. Baada ya miaka 132 ukuta ulipata tundu.

Somo lilikuwa wazi: waliosema hapana mara nne ndio waliopata mpango bora. Ila tuwe waangalifu kulisifu, kwa sababu Oakland nayo ilisema hapana.

Oakland ilikuwa na Coliseum, uliofunguliwa mwaka 1966, ukapata timu ya Athletics mwaka 1968. Timu hiyo ilitwaa ubingwa miaka mitatu mfululizo, 1972 hadi 1974, na tena 1989. Treni ya BART ilisimama mlangoni, na viti vya bei nafuu vilikuwa vingi. Hapo Rickey Henderson, kijana wa Oakland, aliiba kituo mara ya 939 tarehe 1 Mei 1991 na kuvunja rekodi ya wote waliomtangulia. Katikati ya miaka ya 1990, ili kuwarudisha timu ya kandanda ya Kimarekani, mji na kaunti vilikopa na kujenga jukwaa kubwa la zege lililoziba vilima visionekane. Deni lilibaki miaka mingi. Timu ile iliondoka tena.

Mazungumzo ya uwanja mpya wa besiboli yaliendelea kwa miaka, eneo moja baada ya jingine, la mwisho likiwa kwenye gati la Howard Terminal. Aprili 2023 timu ilitangaza kununua ardhi Las Vegas. Tarehe 13 Juni mashabiki 27,759 walifika uwanjani, wengi wakiwa na fulana za kijani zenye neno moja, la kumtaka mmiliki auze timu. Siku mbili baadaye gavana wa Nevada alitia saini sheria ya kutoa hadi dola milioni 380 za umma. Mchezo wa mwisho ulichezwa tarehe 26 Septemba 2024 mbele ya watu 46,889. Athletics walishinda 3 kwa 2, kisha wakaondoka. Wapiganapo tembo wawili, nyasi ndizo huumia.

Safari yetu iliishia Raimondi Park, West Oakland, kwenye mtaa uleule wa akina Robinson. Ni bustani ya manispaa, yenye jina la Ernie Raimondi, kijana wa mtaa aliyecheza katika ligi ya pwani na kufa vitani mwaka 1945. Tangu 2024 timu ndogo mpya, Oakland Ballers, inacheza hapo, na sehemu ya hisa zake iliuzwa kwa mashabiki wenyewe. Majukwaa ni ya chuma. Tulikaa nyuma ya mzee mmoja aliyetuambia aliwahi kumwona Rickey akicheza, kisha akatueleza sheria za mchezo kwa subira, maana alisikia tukibishana kwa lugha asiyoijua na akahisi tumekwama.

Tunakijibu sasa kile tulichojiuliza. Watu hawakulilia zege. Walilia kwa sababu walikuwa ndani ya ukuta miaka 57, wakidhani ni kwao, kumbe walikuwa wapangaji kama Larks wa 1946. Uwanja ambao watu wanaufikia kwa urahisi hupendwa. Lakini uwanja hudumu pale tu watu wanapokuwa na kauli juu yake. Hisa chache za Raimondi ni kitu kidogo, na timu ndogo hufa upesi. Ila ni mara ya kwanza katika historia hii yote tuliyoisoma kwamba shabiki aliyelipa mlangoni ana karatasi inayosema sehemu fulani ni yake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wanachama walio katika miji mingine ya pwani: tafuteni uwanja uliobomolewa karibu nanyi, muulize aliyekuwa akikaa jirani, mtuandikie.